Chemchemi Niliyoikagua kwa Masikio

Katika ofisi ya umma nilikostaafia, mjini Moshi, washauri wa miradi waliniogopa kwa jambo moja: sikupokea ripoti yenye mkato uliokaa vibaya. Mimi ni wa kidato cha nne, na kamati ya kupokea kazi zao nilipewa kuiongoza kwa ukongwe tu. Basi nilikagua nilichokijua.

Mhandisi mshauri alipoleta usanifu wa maji ya bomba kwa kijiji cha kwetu, Kilema, nilimrudishia mara tatu. Kwanza nembo ilikuwa ndogo. Kisha namba za kurasa hazikulingana na yaliyomo. Mara ya tatu nilikuta neno Kilimanjaro limekatwa vibaya mwishoni mwa mstari. Aliniita mzee makini, nami kichwa kikavimba.

Ripoti ya nne ilikuja na jalada gumu na ramani za rangi. Ikabaki kwenda kuiona chemchemi ya kulisha bomba hilo. Ilikuwa masika, gari likakwama karibu na misheni, tukapanda kwa miguu mpaka pumzi zikatuishia. Maji yalisikika yakinguruma huko juu. Mshauri akasema mngurumo ule unathibitisha vipimo vyake. Wajumbe wa kamati wakatazama viatu vyao, wakakubaliana naye.

Mama mmoja aliyekuwa akikata majani ya ng'ombe aliniamkia, akauliza tumefuata nini. Nilipomweleza, akacheka.

"Baba, maji ya mwezi huu hata barabarani yapo. Njoo Januari uyatafute."

Hakunieleza jipya. Nimezaliwa pale, na utotoni niliiona chemchemi ile ikiwa kavu, vyura wamelala juu ya matope yaliyopasuka. Lakini utoto wangu haukuwa na ukurasa katika ripoti. Nikaandika kwenye daftari: maoni ya mwananchi yamepokelewa. Tuliposhuka, nikasaini kuipokea ripoti juu ya boneti ya gari.

Bomba likajengwa, nami nikastaafu na kurudi nyumbani. Januari ya kwanza nilifungua koki, ikakohoa hewa. Nikachukua ndoo kwenda kwenye mfereji wa zamani, ambako kijiji kizima kilikuwa kimepanga foleni. Watu wakataka kunipisha mbele kwa uzee wangu. Yule mama akageuka.

"Shikamoo, baba. Mwacheni hapo nyuma, anakagua."

Nikaitikia marahaba. Wengine waliponiita tena mbele, nilikataa. Nilifika kwenye maji jua likiwa utosini, ndoo ikajaa nusu.