Upande wa Mashariki Hakuna Kitu

Meli ilikuwa Mombasa, mteja alikuwa ndani ya meli, na mimi nilikuwa stesheni ya Nairobi nimeshika kibao chenye jina lake. Treni ya asubuhi ilishusha abiria wote, ikafagiliwa, na bado nilikuwa nimeshika kibao.

Hiyo ilikuwa miaka ya themanini mwanzoni. Meli za watalii zilitia nanga Kilindini kwa siku mbili au tatu. Wengi wa abiria wake walikwenda kuona ndovu, na wachache walipanda treni ya usiku kuja kuona Nairobi kwa siku moja. Mtu wa namna hiyo alilipia gari zima peke yake, pamoja na dereva na maneno ya dereva. Dereva nilikuwa mimi. Maneno nilikuwa nimeyakariri kwa Kiingereza na kwa Kijerumani kidogo, kuanzia jumba la makumbusho hadi twiga wa mwisho.

Nilipiga simu ofisini. Bosi akasema mteja amekula kitu melini na tumbo limekataa safari. Gari limeshalipiwa, akasema, nilirudishe saa kumi. Hakusema nifanye nini kati ya saa tatu na saa kumi, nami sikumuuliza. Bosi ukimuuliza sana, atapata jibu.

Nikaenda Kaloleni kwa wazazi wangu kunywa chai.

Baba alikuwa amefanya kazi ya reli tangu kabla sijazaliwa, na sasa alikuwa amestaafu. Nyumba waliyokaa ilikuwa ya kazi, kwa hiyo kazi ilipokwisha na nyumba ilikwisha. Siku hiyo ilikuwa Jumatano, na Jumamosi lori lingekuja kuwachukua na vitu vyao kwenda ushago, kijijini kwetu Murang'a, moja kwa moja. Nilimkuta baba amesimama juu ya kiti aking'oa misumari ukutani kwa koleo na kuitia mkebeni. Nikamwambia misumari inauzwa hata Murang'a. Akasema misumari hii ni yake, ukuta ndio wa wenyewe.

Mama alikuwa na shida nzito kuliko ya misumari, na shida yenyewe ilikuwa wifi yake, yaani shangazi yangu, dada mkubwa wa baba. Ua wa shangazi ulipakana na ua wetu. Kila Desemba tulipokwenda ushago, shangazi alimketisha mama mbele ya wanawake wengine na kumwambia awasimulie Nairobi. Ndiyo desturi. Aliyetoka mjini hawezi kunyamaza, ataonekana ana maringo, au ameteseka.

Sasa Nairobi ya mama ilikuwa Kaloleni, soko la Burma, kanisani, na Makadara, ambako alikwenda mara moja kuwa shahidi katika kesi ya kuku wa jirani. Mjini kwenyewe alipita tu, tena amebeba kitu. Alikuwa amekaa Nairobi miaka ishirini na sita na hakuwa na cha kusimulia. Kwa hiyo alisimulia. Jengo lile refu la mviringo katikati ya mji lilipokamilika, aliwaambia kwamba ukipanda juu kabisa unaiona nyumba yake, hata nguo kwenye kamba. Shangazi akasema hilo haliwezekani. Mama akasema nyumba ameiona kwa macho yake. Hakuwa amewahi kulikanyaga jengo hilo hata ngazi ya kwanza.

Uongo wa Desemba si mzigo, unausema, unauacha huko, unarudi mjini Januari. Ila mwaka huo hakukuwa na kurudi Januari. Mama alikuwa anakwenda kuishi na uongo wake, ua kwa ua na wifi yake, mpaka mwisho. Alikuwa ameniambia hayo wiki iliyotangulia, waziwazi, akichambua maharagwe. Alitaka kujua kabla hajaondoka kama nyumba inaonekana au haionekani. Kama inaonekana, atakwenda na moyo mkunjufu. Kama haionekani, atajua namna ya kujipanga.

Nikamwambia avae, gari liko nje na limelipiwa na mzungu.

Alitoka na gauni lake la kanisani, kitambaa cheupe kichwani, na kiondo chenye chupa ya chai na nduma zilizochemshwa. Nikamfungulia mlango wa mbele. Akauliza wazungu hukaa wapi. Nikasema nyuma. Akaenda nyuma. Kisha, majirani wakiwa wamejaa milangoni kutazama na mimi nimeshawasha gari, akashuka, akarudi ndani, akatoka na blanketi jekundu la kitanda chao, akalianika kwenye kamba. Nikamwambia tunachelewa, na tena ni Julai, jua lenyewe halipo, mtu anaanika blanketi la nini? Akasema linanuka vumbi. Akaingia garini bila kuwapungia mkono majirani. Wageni hawapungi mkono, nadhani ndivyo alivyodhani.

Tulipofika Barabara ya Jogoo akaniambia nianze. Nikamwuliza nianze nini. Akasema yale maneno ninayowaambia wazungu, nimwambie yote, nisimpunguzie kwa kuwa ni mama yangu. Basi nikaanza. Nilikuwa sijawahi kuyasema kwa Kiswahili, na nilishangaa jinsi yalivyokuwa machache.

Jumba la makumbusho halikumtisha. Alisimama mbele ya kibuyu kilichowekwa ndani ya kioo na kadi yenye maelezo, akakitazama sana, akasema mwenye kibuyu hicho hakuwa akikisafisha vizuri. Kwenye banda la nyoka, hapo kando, alikataa kuingia. Alisema nyoka alimwacha ushago na Jumamosi atamkuta. Nilimpitisha kwenye barabara zenye ua mrefu wa michongoma, nikamwambia hapa wanakaa mabalozi, akauliza mbona hakuna mtu nje. Mteja wa kawaida huwa haulizi hivyo, huwa anatoka mahali ambapo pia hakuna mtu nje.

Kufikia saa sita nilikuwa nimeanza kufurahi, nasema ukweli. Nilikuwa nafanya kazi yangu vizuri na mama yangu alikuwa anaiona. Si watu wengi hupata bahati hiyo.

Tukaenda kwenye jengo refu. Askari wa mlangoni alikuwa ananifahamu, akaniuliza mteja wa leo ametoka nchi gani. Nikasema Kaloleni. Akacheka, akatupitisha. Ndani ya lifti mama alikumbatia kiondo chake na kufumba macho, midomo ikimchezacheza, na tulipofika alisema amina.

Sasa hapa juu ndipo penye kisa.

Mimi nilikuwa na mzunguko wangu. Nilimwanzisha mteja upande wa magharibi, nikamzungusha taratibu, darubini ya kampuni ikining'inia shingoni. Nikafanya vivyo hivyo na mama. Kinywa kilikuwa kimeshika njia yake na mimi nilikuwa nakifuata. Nikasema, magharibi ni vilima vya Ngong. Kusini ni mbuga, na kwa darubini unaweza kuona twiga. Kaskazini, hewa ikiwa safi, unaona Mlima Kenya, leo hewa si safi. Halafu nikamshika kiwiko, kama ninavyowashika wote, nikamgeuzia kwenye mlango wa lifti, na nikasema, "Mashariki ni viwanda na makazi ya wafanyakazi. Upande huo hakuna kitu cha kuona."

Mama hakugeuka. Alikuwa mwepesi kuliko kiondo chake, lakini hakugeuka.

"Hakuna kitu wapi?" akauliza.

Nikasema ni maneno tu, ndivyo hotuba ilivyo. Akauliza nani aliyeitunga. Ningeweza kusema ni bosi. Sehemu kubwa kweli ilikuwa ya bosi, vilima na twiga vilikuwa vyake. Lakini sentensi ile ya mwisho nilikuwa nimeiongeza mwenyewe, mwaka wa kwanza wa kazi, baada ya bibi mmoja wa melini kuniuliza mimi naishi wapi, nami nikanyoosha kidole kuelekea Ngong. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Hawakusema kwamba atakuwa na tai, na beji ya jina kifuani.

Nikamwambia mama ni mimi.

Hakunikaripia. Alinyoosha mkono nikampa darubini. Nikamwonyesha pa kuzungushia, kisha nikaanza kumwambia afuate reli hadi... akanikata, akasema kwake anakujua. Akasimama kwenye ukingo ule wa mashariki, kitambaa cheupe kikipigwa na upepo. Moshi wa viwandani ulikuwa umelala chini ya mawingu. Wageni wengine walikuja, wakapiga picha za Ngong, wakaenda. Mimi nilisimama nyuma yake nikitazama viatu vyangu. Nilikuwa na aibu.

Baada ya muda mrefu akanirudishia darubini, akasema, basi, twende. Sikumwuliza kama ameona. Sikuangalia mwenyewe pia. Hilo nalijutia kuliko ile sentensi.

Tulikula nduma ndani ya gari karibu na bustani ya mashua. Alikuwa ameona kitabu cha fomu nilipokuwa natafuta kitambaa cha kufutia kioo, akauliza ni cha nini. Nikamweleza kwamba mteja huandika maoni yake kuhusu safari. Akasema yeye pia ni mteja. Mama alijifunza kuandika ukubwani, katika darasa la ngumbaru kwenye ukumbi wa Kaloleni, na aliandika kama mtu anayepanda mbegu, moja moja, akirudi kuhakikisha. Akaikunja fomu, akasema nimpe bosi.

Niliisoma taa za barabarani zilipokuwa nyekundu. Alikuwa ameandika: *Gari zuri. Dereva anajua barabara. Kwangu hakunionyesha.*

Fomu hiyo bosi hakuiona.

Nilipomrudisha Kaloleni, blanketi lilikuwa bado kwenye kamba, zito kwa unyevu, chafu kuliko asubuhi kwa sababu ya masizi ya garimoshi. Nguo za majirani wote zilikuwa zimeanuliwa. Lilikuwa peke yake, jekundu, limetandazwa upana wake wote na kubanwa kwa vibanio sita. Hapo ndipo nilipoelewa lilianikwa la nini. Mama akalianua, akalikung'uta, akaingia nalo ndani. Nikarudisha gari saa kumi kamili.

Jumamosi lori lilikuja. Mkebe wa misumari ulipanda mbele pamoja na baba.

Desemba nikaenda ushago. Siku ya pili jioni shangazi akaja na wanawake wengine wawili. Chai ikachemshwa, na haikuchukua muda mazungumzo yakafika pale yalipokuwa yakienda tangu mwanzo. Shangazi akasema mama ameshatulia sasa, ni mwenyeji, hana haja tena ya kuusifia mji, basi aseme kweli. Mji mzima ule, mapaa yote yale, mtu anawezaje kuona paa moja? Wale wawili wakacheka kidogo, si kwa ubaya.

Mama alikuwa ameinama anapepea moto kwa mfuniko wa sufuria. Akasema, bila kuinua kichwa, "Muulize huyo. Ndiye aliyenipeleka juu."

Wote wakanigeukia. Nimewahi kuulizwa maswali na Wajerumani arobaini kwa mpigo na sikutoka jasho namna ile. Mama hakunitazama. Alijua vizuri sana nilichomwambia kule juu, na nadhani alikuwa tayari nikirudie pale, mbele ya wifi yake, akakaa nacho.

Nikaweka kikombe chini. Nikawaambia kwamba ukifika juu usianze na magharibi, kule ni vilima tu. Simama mashariki. Fuata reli mpaka uone ukumbi wa Kaloleni, kisha hesabu mapaa manne mkono wa kushoto. Nikasema siku ile kulikuwa na mawingu, lakini darubini ya kampuni ni nzuri.

"Na kwenye kamba," nikasema, "kulikuwa na blanketi jekundu. Lilikuwa limebanwa vizuri, upana wake wote."

Mkono wa mama ukasimama na ule mfuniko aliokuwa akipepea nao. Mimi na yeye hatukuwa tumewahi kulitaja blanketi lile. Akanitazama kwa mara ya kwanza jioni hiyo.

"Kumbe wewe uliliona," akasema taratibu.

Kwa jinsi alivyosema *wewe*, nikajua kwamba yeye hakuliona. Miezi mitano alikuwa amekaa hapo, ua kwa ua, akijua kwamba kule juu aliona moshi tu.

"Nililiona," nikasema.

Shangazi akanywea, akauliza blanketi lipi, lile la chumbani? Mama akasema ndilo hilohilo. Kisha akachukua birika, na ingawa shangazi ndiye mkubwa na vikombe vya wakubwa ndivyo hujazwa kwanza, akanimiminia mimi. Shangazi aliliona hilo vizuri sana, bila darubini.