Gauni la Mwanamke wa Video

Watu wa nyumbani kwangu hunicheka wakinikuta nagombana na televisheni. Mpwa wangu, mtoto wa binamu yangu, akicheza ile michezo yake ya kwenye simu, ambamo wanaume wamevaa chuma hadi kidevuni na wanawake wanapigana vita karibu uchi, namwambia azime. Yeye hudhani ni mambo ya dini. Sijawahi kumweleza, kwa sababu maelezo yenyewe yanaanzia mbali, Kishanda, kwenye nyumba ya baba yangu.

Baba alikuwa na kibanja kizuri cha migomba na kahawa, lakini baada ya vita na Uganda aliacha jembe akaingia kwenye biashara ya mpakani. Alipeleka kahawa Uganda akarudi na sabuni, vitenge na redio. Mara nyingi alilala Bukoba, na huko alikuwa mteja wa video. Ilionyeshwa katika chumba cha nyuma cha duka la Mhindi mmoja, jenereta ikinguruma uani. Siku moja tulipokuwa mjini sote watatu akatuingiza, mama na mimi. Wanawake wengine hawakuwemo. Tulikaa nyuma kabisa, mama akajifunika kitenge hadi puani.

Kando ya televisheni alisimama kijana mwenye fimbo aliyetufasiria, nusu Kiswahili, nusu Kihaya. Kwenye filamu ile jambazi mmoja alikuwa akibadilisha wanawake kama mashati, na kijana wa fimbo hakuwa na neno juu ya hilo. Kisha akaingia mwanamke mwenye gauni jekundu, mabega wazi. Fimbo ikamgonga kiunoni, kwenye kioo. "Huyu sasa, waitu, ndiye kifo chenyewe!" Wanaume wakapiga miluzi. Na kweli jambazi akafa. Nilimwangalia baba. Alikuwa akitabasamu, na macho yake hayakuwa kwa jambazi.

Safari iliyofuata alirudi na lile gauni. Alikuwa amelishonesha Bukoba kwa fundi cherehani ambaye naye alikuwa ameiona video, kwa hiyo hakuhitaji maelezo marefu. Mama alilivaa sebuleni, miguu peku juu ya nyasi tulizotandika sakafuni, akajitazama chini.

"Nimekuwa chupa ya soda," alisema.

Bibi, mama yake baba, alikuwa amekaa pale akimenya ndizi. "Mwanangu, hili ni gauni au kitambaa kilimwishia fundi?"

Tulicheka wote, na baba alicheka kuliko sisi. Mama alilivaa kila baba alipomwomba, humo humo ndani, kisha akalikunja na kulirudisha sandukuni. Nje ya mlango wetu hakuna aliyeliona.

Halafu ukaja ugonjwa. Kwenye ukuta wa zahanati walibandika bango. Lilikuwa na mwanamke mwenye gauni jekundu na kucha ndefu, na nyuma yake mifupa imesimama. Mbele yake alichorwa mwanaume mwenye shati safi na mkoba, anaonywa. Redioni kulikuwa na mchezo wa kuigiza, na humo pia aliyeleta maradhi alikuwa mwanamke wa baa, anayecheka kwa sauti. Nilisubiri sana kuona bango lenye mwanaume na mifupa nyuma yake. Zahanati yetu haikuletewa.

Baba aliugua mwaka mzima. Mama alimwogesha, alimlisha uji kwa kijiko, alifua mashuka yake kabla watoto wa jirani hawajaamka. Baba alipokufa sikulia. Wakati ule tulizika mara nyingi mno, na mwili huzoea. Nakumbuka nikiwaza kwamba jembe la kuchimbia kaburi limerudishwa kwa jirani na halijaoshwa.

Kwetu msiba haufungwi mpaka mrithi aketishwe kwenye kiti cha marehemu, amevaa koti lake. Baba hakuwa na mtoto wa kiume, kwa hiyo mrithi akawa mdogo wake. Wazee wa ukoo waliketi kwenye viti, wanawake tukakaa kwenye nyasi, na mama akakaa pembeni, kichwa amekiinamisha. Kitu kimoja tu kilikuwa hakijaamuliwa: kama mjane ataachwa alime kibanja na kulea mtoto wake, au atarudishwa kwao. Niliwasikia wakisema hakuna ubaya, abaki.

Kisha baba mdogo akafungua sanduku kutoa koti. Chini ya koti kulikuwa na gauni.

Alilinyanyua kwa ncha za vidole, mkono umenyooka, jinsi mtu anavyomshika panya aliyekufa. Akaligeuza wazee wote walione. Waliokwenda mjini walikuwa wameiona video, na ambao hawakwenda walikuwa wameliona bango.

"Ndiye huyu, kumbe," mzee mmoja alisema. Mwingine akasema mchuma janga hula na wa kwao, akimtazama mama. Methali ilikuwa ya haki kabisa. Aliyechuma ndiye tuliyekuwa tumemzika.

Bibi akasimama. Mwanamke wa umri wake huruhusiwa. "Hilo alilinunua mwanangu mwenyewe. Nilikuwepo, na nililicheka."

"Mae," baba mdogo akamjibu mama yake kwa upole, "mwanaume huwa ananunua kitu kama hiki akiwa ameshapotezwa."

Bibi akakaa. Mtu akishaambiwa kwamba ushahidi wake ndio kosa lenyewe, atasema nini? Wakamvisha baba mdogo koti. Mikono ya koti ilikuwa mirefu kwake. Wakakata shauri kwamba mama arudi kwao Ngenge, na mimi nibaki, kwa kuwa mtoto ni wa ukoo.

Mama aliondoka asubuhi na godoro na sufuria mbili. Aliniambia nisiwe mbishi kwa mama mdogo, mke wa baba mdogo. Nilitaka kuhisi kitu, nikahisi kwamba mguu mmoja umekufa ganzi kwa kusimama. Alifariki nikiwa darasa la saba. Nilipewa habari baada ya maziko, nikaendelea kuchambua kahawa.

Gauni halikwenda na mama Ngenge. Pasaka iliyofuata kufukuzwa kwake, tulikwenda misa Kashozi kwa ndugu, na mama mdogo akatoka chumbani amelivaa, kitenge begani. Mumewe alikuwa amemtaka alivae. Watu wakasema amependeza. Nilikaa benchi la nyuma yake nikatazama pindo, pale mama aliposhona kwa uzi mweupe kwa kukosa mwekundu. Wakati wa kupeana amani aligeuka akanishika mkono, kisha akavuta kitenge hadi shingoni.

Miaka ikapita. Baba mdogo naye alikuwa mtu wa video na mtu wa mpakani. Akanenepa, koti la baba likamkaa vizuri kidogo, kisha akaanza kukohoa, likamzidi tena. Asubuhi moja, wanaume wote wakiwa mazikoni kwa jirani, mama mdogo akaniita nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Alikuwa na jembe, na gauni amelifunga ndani ya jani.

"Chimba, mwanangu. Siku wakija kutafuta koti la mrithi, gauni hili wasilikute."

Nikachimba. Yeye akasimama akitazama njia, halafu akasema, bila kunigeukia, "Mimi sikuliomba."

"Najua," nikamwambia. "Na mama hakuliomba."

Akaitikia kwa kichwa. Hapo ndipo nilipolia, miaka yote ile kwa pamoja, huku nikiendelea kuchimba. Mama mdogo hakuninyamazisha. Aliinama akapima shimo kwa mkono, akaniambia nizidishe kina, mbwa wasije wakalifukua.