Waliofika na Walioondoka

Yaani gazeti lenyewe ni karatasi moja tu. Kushoto Waliofika, kulia Walioondoka. Kila Jumatatu mhariri analibandika kwenye mlango wa mgahawa wa Mwatima, ghorofa ya tatu, jirani na stesheni ya Guangzhou, wanakokula Waswahili wa hapa China. Analibandika kwa ugali wa jana, eti gundi haina msimamo. Halafu anarudi nyuma hatua tatu na kulisoma midomo ikicheza, kama vile kaliandika mtu mwingine. Uvumi hachapi, lazima akuone kwa macho yake. Tangu waanze kuchimba njia ya reli mpya, na jengo lipigwe alama nyekundu ya kubomolewa, upande wa kulia unafurika. Kushoto yamebaki majina mawili, moja la mhariri mwenyewe, kafika kutoka Xintang, mji wa jirani alikoenda kununua jinzi.

Jumatatu hii Mwatima kasoma mara mbili. Mgahawa kaufunga, tiketi ya Dar ni ya leo, mtaa mzima unajua, na jina lake halimo.

"Kaka mhariri, umenisahau."

"Sijakuona ukiondoka, dada."

"Na hili begi?"

"Begi naliona."

Mhariri kalibeba mwenyewe ngazi zote mpaka kwenye teksi, kilo arobaini, kalilaza kwenye buti taratibu kama mtoto aliyesinzia. Mwatima kashusha kioo.

"Haya, sasa je?"

Mhariri kaipa teksi mgongo. "Bado ni uvumi," kasema, na hakugeuka mpaka mlio wa gari ulipopotea.