Ruhusa ya Wakeya

Wazee wa Bama walikutana uani kwetu Tunduma kila Jumapili baada ya ibada, na kila Jumapili Bibi aliapa kwamba hataki kuwaona tena. Hapo togwa yao ilikuwa imeshaiva tangu jana yake. Ndivyo alivyokuwa Bibi yangu, mdomo mkali na mkono mwepesi.

Sisi tuliwaita wakeya, kwa kuwa jeshi la Mwingereza lililowachukua ujanani lilijulikana kwa jina la Keya. Liliwapeleka mbali, misitu ya Bama huko Asia, katika Vita vya Pili vya Dunia, wakapigane na Mjapani ambaye hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amewahi kugombana naye. Nilipopata akili walikuwa wamebaki wachache, wengine wa upande wetu, wengine wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, Zambia. Mpaka wenyewe hawakuutilia maanani. Wote walikuwa Wanamwanga, wameoana na kuzikana tangu zamani, na walivuka kuja kunywa togwa kama mtu anayekwenda kwa jirani kuomba chumvi.

Mji ulikuwa unachangamka miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Malori yalipanga foleni hadi unashangaa yametoka wapi, sukari na sabuni zilipita kwa baiskeli, na mimi mwenyewe nilikuwa na meza yangu ya vitenge, naringa nayo. Katikati ya honi hizo wazee walikaa na makoti yao mazito, jua linawaka, wanazungumza habari za matope na ruba. Ruba wa Bama, ukiwasikiliza, walikuwa warefu kama mkanda, na kila Jumapili walizidi kurefuka. Babu yangu, mkeya mwenzao, aliniita mke mdogo, akawaambia wenzake kwamba mke mkubwa amechoka, sasa mimi ndiye nitakayepokea pensheni yake siku Malkia atakapoikumbuka. Walicheka mpaka wakakohoa. Jamani, nawakumbuka wazee wale. Laiti ningerudishiwa Jumapili moja tu.

Walikuwa na desturi ambayo sijaiona kwingine. Mkeya akifa, mchungaji akishamaliza sala na kabla udongo haujarudishwa, wenzake walijipanga kando ya kaburi. Mkubwa wao kwa cheo aliita cheo na jina la marehemu mara tatu, kama wanavyoitwa askari asubuhi kambini. Tulinyamaza wote, tunasubiri, na bila shaka hakuna aliyeitika. Ukimya ule nilikuwa nauogopa kuliko kilio. Kisha mkubwa alisema, "Ruhusa. Nenda nyumbani." Hapo ndipo vijana waliposhika majembe.

Waliamini kwamba askari haondoki bila ruhusa. Asiyepewa ni mtoro, na mtoro hapumziki. Tena anayeitoa lazima awe mtu aliyefika Bama, si mtoto wake wala mchungaji wake. Mchungaji hakuipenda desturi hiyo hata kidogo, lakini alikuwa mtu mwenye busara. Muda huo alijifanya anatafuta ukurasa kwenye kitabu cha nyimbo.

Wakapungua, wakapungua, hadi wakabaki watatu. Mmoja wao alipofariki tulibaki na Babu na rafiki yake wa Nakonde, na hao walikuwa chanda na pete. Basi siku ya mazishi Babu alisogea mbele atoe ruhusa. Yule wa Nakonde akamshika mkono wa koti. Alisema yeye ndiye mkubwa, kwamba alipandishwa kuwa koplo melini, wakati wanarudi. Babu alijibu kwa sauti iliyofika barabarani kwamba melini hakuna aliyepata kitu isipokuwa kichefuchefu, na kwamba mwenzake aliondoka lansi koplo, ngazi moja chini ya koplo, na akarudi lansi koplo, kama yeye Babu mwenyewe. Watu wakacheka. Mazishini, watu wakacheka! Yule mzee akavaa kofia yake, akaondoka bila kutupa hata udongo wa heshima, na tangu hapo akawa havuki mpaka. Ruhusa Babu aliitoa peke yake.

Nilichukia. Wazee wawili tu waliobaki wanaokumbuka jambo moja, na hawasemezani kwa ajili ya kipande cha kitambaa begani. Hasira hiyo sijaimaliza mpaka leo. Jumapili zikawa kimya. Bibi aliendelea kupika togwa kwa mazoea, tukawa tunainywa sisi wanawake.

Kipupwe kilichofuata kifua kilimbana Babu. Kufa hakukuogopa, alisema mwenyewe kwamba ameshaona watu wakifa kwa njia mbaya zaidi na kitandani kwake kuna blanketi mbili. Lakini asubuhi moja alinishika mkono, na hakuniita mke mdogo.

"Mjukuu wangu," akasema, "sitaki kuzikwa kama mtoro."

Nilifunga meza ya vitenge, nikapita katikati ya malori, nikavuka. Nilimkuta yule mzee ameketi kando ya turubai, anachambua maharage. Nikapiga goti nikamsalimu kwa Kinamwanga, kama nilivyolelewa. Nikamweleza hali ya Babu na alichokitaka. Aliendelea kuchambua. Mwisho akasema kwamba mtu aliyemvua cheo mbele ya kaburi akatafute koplo mwingine. Nikasahau malezi yote. Nilimwambia kwamba koplo mwingine hayupo dunia nzima, na kama cheo ni kitamu basi akile hicho jioni, maharage awaachie wajukuu. Nikarudi nyumbani nalia njia nzima, wachuuzi wananiuliza nimeibiwa nini.

Babu aliuliza kama anakuja. Bibi, aliyekuwa anamkanda miguu, akajibu bila hata kuinua kichwa kwamba anakuja, ila amesema lipigwe pasi koti. Tukalipiga pasi. Babu aliondoka wiki hiyohiyo, alfajiri, koti likiwa limetundikwa mbele ya macho yake.

Habari ya msiba ilivuka mpaka yenyewe, kama zinavyovuka zote. Siku ya kuzika mchungaji alimaliza sala, jeneza likashushwa, vijana wakainama kuchukua majembe. Bibi alikuwa amekaa mkekani, kitenge kichwani. Akasema neno moja, "Subirini." Wakasubiri. Jua likapanda. Watu wakaanza kuguna, wengine wana maduka ya kufungua, na mchungaji alifungua kitabu cha nyimbo ukurasa hadi ukurasa. Nilikuwa natazama barabara hadi macho yananiuma.

Akaja. Alikuja kwa miguu, polepole, na fimbo, koti limefungwa vifungo vyote hadi shingoni. Hakumsalimia mtu. Alisimama ukingoni mwa kaburi, akaweka fimbo chini, akanyoosha mgongo kadiri ulivyokubali.

"Koplo!" akaita, na jina la Babu.

Aliita mara tatu, na mara zote tatu alianza na cheo hicho. Tukasubiri. Kisha sauti yake ikashuka, akasema kama anayezungumza na mtu wa pembeni yake, "Ruhusa, Koplo. Nenda nyumbani." Bibi akaangua kilio alichokuwa amekishikilia tangu alfajiri ile, na sisi sote nyuma yake.

Udongo ukarudishwa, watu wakaenda kula. Yeye alibaki palepale. Nilimfuata nimpeleke kwa wanaume wenzake, nikimwambia Babu angependa ale. Alitikisa kichwa. Aliniuliza taratibu, bila kulalamika, yeye ruhusa atapewa na nani.

Bibi alisikia. Mjane kwetu hainuki mkekani siku ya kuzika, na wanawake wakubwa walimshika kanga wamrudishe. Akaichomoa mikononi mwao. Alikuja akasimama mbele ya yule mzee, mfupi, macho yamevimba.

"Shemeji," akamwambia, "mimi Bama sikwenda. Bama ilikuja kulala kwangu. Miaka yote hii ni mimi niliyekuwa namwamsha akipiga kelele."

Mzee akamtazama. Bibi akavuta pumzi, akaita cheo na jina lake kwa sauti yote aliyokuwa nayo, na cheo alichokitaja ni koplo. Kule kwenye masufuria watu waliacha kula. Akaita tena. Mara ya tatu nikauona mkono wa yule mzee unanyooka kwenye mshono wa suruali.

"Nipo," akaitika.

Nilihudhuria mazishi mengi ya wakeya, na hiyo ndiyo mara pekee niliyomsikia mtu akiitika.

"Vita vimekwisha," Bibi akamwambia. "Ruhusa. Nenda nyumbani."

"Asante, afande," akasema yule mzee. Akafungua vifungo vya koti kimoja kimoja, akalivua, akalikunja vizuri, akaniomba nimshike mkono twende kwenye chakula.