Mzee Aliyekosea Makusudi

Habari za kifo chake zilinikuta Mtito Andei, mkono mmoja ukiwa na chapati na mwingine ukifukuza nzi. Redio ya mwenye hoteli ilikuwa imefika kwenye matangazo ya vifo, na ile sauti ya taratibu ambayo huwasoma wafu wote kana kwamba walikuwa na tabia moja ikatangaza kwamba mkulima na mzee wa kanisa wa huko Nunguni ametutoka, kwamba ameacha mjane, watoto na wajukuu, na kwamba mazishi ni Jumamosi nyumbani kwake. Dereva wa lori aliyeketi mbele yangu aliweka kikombe chini. "Mkulima?" aliiuliza redio. "Huyo ndiye alinisemea kwa mkwe wangu! Bila yeye mpaka leo ningekuwa nalala na injini." Mama aliyekuwa akikaanga mayai akageuka na mwiko wake. "Hata dada yangu aliolewa kwa mdomo wa huyo mzee. Mkulima gani! Kabichi zake zote zililiwa na mbuzi akiwa kwa watu anaongea." Nilicheka, kisha nikairudisha chapati sahanini. Mimi pia nilikuwa na langu la kusema juu yake, nalo lisingeenea katika tangazo la redio.

Kwa msomaji asiyejua mambo ya Ukambani, nieleze kidogo. Kijana wa kwetu akitaka kuoa haendi kujisemea. Watu wake hutafuta mdomo: mtu mzima anayejua kuketi, kunyamaza na kusema kwa zamu. Huyo ndiye huongoza wazee kwenda kwa wakwe, ili siku moja wapokelewe mbuzi wa ntheo, wale ambao wasipopokelewa hakuna ndoa hata pete iwe ya dhahabu. Marehemu alikuwa mdomo wa nusu ya Makueni na vipande vya Kitui. Alikuwa mfupi, mwenye koti lililobaki na kifungo kimoja, na alicheka kwa mabega bila kutoa sauti. Tena alikuwa mlokole. Wazee waliomtangulia walilainisha mazungumzo kwa pombe ya asali. Yeye alilazimika kufanya kazi ile ile kwa chai. "Chai haimlegezi mtu," alikuwa akilalamika. "Inampeleka tu nje kukojoa, na akirudi amekumbuka ukali wake."

Nilimjua nikiwa nimekwama. Ilikuwa miaka ya themanini, nami nilikuwa katikati ya riwaya yangu ya kwanza, nikiwa na ndevu chache na imani nyingi. Shujaa wangu alipaswa kwenda kuposa, na mwandishi wake hakujua wanaingilia mlango gani. Nilikulia karibu na misheni kule Kitui, ambako mambo kama hayo mchungaji aliyamaliza kati ya ibada ya kwanza na ya pili. Wenzangu wa Nairobi, waliokuwa wakikutana Jumamosi kusomeana miswada na kulaumiana, waliniambia neno moja: utafiti. Nikaazima kinasa sauti, nikatunga maswali, nikapanda milima ya Nunguni kumtafuta mzee. Alinipokea kwa uji na kunijibu kila swali bila kinyongo.

"Mzee, mkifika kwa wakwe mnaanzaje?"

"Tunasalimiana."

"Halafu?"

"Tunaomba."

"Halafu?"

"Tunakula."

"Na mazungumzo yenyewe?"

"Yanakuwa mazuri." Akakiinamia kinasa sauti, akakisemesha kwa upole kama anayesema na mtoto mgonjwa: "Mazuri sana."

Nadhani alinionea huruma, kwa maana aliniambia nizime mashine nimsindikize sokoni. Pale sokoni alimwendea mama mmoja muuza viazi, akavua kofia na kuweka sura ya msiba. "Mwaitu, mama yangu, pole. Nasikia kwenu mvua ilikataa kabisa mwaka huu, na kijana wako bado yuko nyumbani anaota jua." Yule mama, aliyekuwa amekaa kama gunia mojawapo, akasimama wima. "Nani alikudanganya? Mvua ilikataa wapi? Nimevuna mpaka nikaomba mahali pa kuweka! Na kijana yuko Kitui, anashona viatu, ameoa hata. Ameoa msichana ambaye hajui kupika, kazi ni kujipaka mafuta, na baba yake ni yule aliuza shamba la ndugu zake akasema ni la kwake." Mzee alitikisa kichwa kwa masikitiko, akanunua viazi viwili vitatu, tukaondoka. Tulipofika mbali mabega yakaanza kucheza. "Ningemuuliza habari za huyo mkwe wake, angeniambia ni watu wazuri, wameokoka. Mtu ukimuuliza, anafunga mlango kwanza akavae koti. Ukimkosea, anatoka vile alivyo."

Maneno hayo yalinipiga kama mwanga. Mimi na wenzangu wa Nairobi tulikuwa tukizunguka nchi nzima tukibisha milango na kuwapa watu nafasi ya kuvaa makoti. Nilimwomba anichukue katika safari yake ijayo nimwone akikosea kazini. "Utakuwa mjomba mdogo wa bwana arusi," alisema. "Kazi ya mjomba mdogo ni kula na kunyamaza. Utaweza?" Nikamwambia nitaweza. Akaniuliza tena, akitabasamu, kama mtu anayepima kitambaa.

Safari ilikuwa ya Kalamba, pamoja na wazee wenzake wawili, na haikuwa ya mchezo. Bwana arusi alikuwa mwalimu mchanga wa shule ya msingi. Msichana alikuwa mtoto wa mwenye ng'ombe mwenye maneno machache kuliko watu wote wa upande ule. Watu wa mwalimu walikwisha kwenda huko mara mbili na wazee wengine. Mara zote mbili yule baba aliwalisha vizuri, akawasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Tumesikia," kisha akaenda kufungulia ndama. Hakukataa. Angekataa ungeweza kumbembeleza. Mtu anayesema amesikia utamfanya nini? Na sasa palikuwa na mfanyabiashara wa Mtito Andei, mwenye duka la jumla na pikapu mbili, ambaye wazee wake walitarajiwa kwa msichana wiki iliyofuata. Mwalimu alitusindikiza hadi mwisho wa njia ya gari, amevaa tai isiyo na kazi, akatuambia, "Wazee, mkirudi na 'tumesikia' tena, msipitie kwangu."

Tulipofika, msichana mwenyewe ndiye alituletea maji ya kunawa. Aliponifikia mimi, birika likatikisika, nusu ya maji yakaingia kiatuni mwangu. "Mjomba," alinong'ona bila kuinua macho, "huyo mzee wenu leo ataongea kweli, ama ni kula tena?" Sikujibu. Nilikuwa kazini, nikinyamaza.

Tuliomba, tukala muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, na nyama, tukaomba tena. Baba wa msichana aliketi kwenye kiti cha mgongo mrefu, mikono juu ya magoti. Ubavuni pake alikaa dada yake mkubwa, mama mzee mwenye ugoro na jicho moja kali. Marehemu akaanza mbali sana, kwa mvua, kwa bei ya mbuzi, kwa neema ya Mungu. Kisha akasema kwa sauti laini: "Sisi tunaheshimu boma hili. Tunajua babu yenu alivuka Mto Athi kutoka Kitui akija hapa na mbuzi mmoja tu, tena wa kuazima. Angalieni leo Mungu alivyobariki." Nikautambua mtego mara moja, kwa furaha ya mtafiti. Babu mwenye mbuzi wa kuazima! Tukangoja. Yule baba akameza mate. Akaangalia paa.

Marehemu akarudia, akiongeza kwamba hata huyo mbuzi alikuwa kilema. Kimya. Na hapo, wasomaji wangu, jambo fulani likanitoka mdomoni. Nilikuwa nimesoma juu ya kuenea kwa Wakamba, nilikuwa na tarehe na ramani, na nilikuwa nimenyamaza tangu asubuhi. "Samahani mzee," nikasema, "lakini si hivyo. Watu hawakutoka Kitui kuja huku. Walitoka Mbooni, ndiyo baadaye wakavuka mto kwenda Kitui. Imethibitishwa." Mwenzetu mmoja aliacha kunywa chai. Marehemu alinitazama kama mtu anayemtazama mbuzi akila Biblia.

Baba wa msichana akanigeukia polepole, kiti kikalia. "Mjomba," alisema, "umesema Mbooni?"

"Ndiyo, mzee. Watu wote wa—"

"Wote! Nani alikuambia wote?"

"Nimesoma."

"Amesoma!" akamwambia dada yake. "Umesikia? Babu yetu amesomwa!" Kisha bwawa likapasuka. Alisimama. Alisema babu yake alizaliwa Kitui, akakua Kitui, na kovu la fahali wa Kitui alizikwa nalo. Kwamba alivuka Athi wakati wa maji mengi, hana mbuzi mmoja, hana nusu mbuzi, ana upinde na mke mmoja aliyembeba begani. Kwamba walilala juu ya mti, wakala matunda ya mwitu, wakafika Kalamba na kukuta hakuna mtu isipokuwa vifaru. Alionyesha kwa mkono jinsi maji yalivyofika kifuani. Watoto walikusanyika mlangoni; nadhani nao walikuwa hawajawahi kuisikia sauti yake ikienda mbali hivyo. Aliponyamaza kupumua, dada yake akagonga kisanduku cha ugoro kwa kidole.

"Umeruka mahali, ndugu yangu."

"Wapi nimeruka?"

"Waambie walivuka kwa nini. Mtu anabeba bibi yake katika mafuriko kwa nini? Hawezi kungoja mto upungue?"

Baba akakohoa. "Hayo ni mambo ya zamani."

"Hata hao vifaru ni wa zamani, na umewasema. Wageni, babu yetu alienda kuposa kwa tajiri mmoja huko Kitui. Alienda mara tatu. Kila mara anakula, wanamsikiliza, wanamwambia 'tumesikia.'" Alivuta ugoro kwa starehe. "Sasa bibi yetu akachoka na kusikia kwao."

Kilichofuata ni kicheko cha mama mmoja huko jikoni, kisha cha wengine, kisha cha wazee wetu, waliokuwa wakijaribu kukificha ndani ya vikombe. Baba wa msichana alisimama katikati ya chumba, mkono wake ungali kifuani pale maji yalipofika. Nikaona uso wake ukikataa, ukikataa, halafu ukashindwa. Alicheka kama mlango uliokaa miaka bila mafuta. Alipoketi alifuta macho, akamwambia marehemu, "Mzee mwenzangu, hao mbuzi wenu wa ntheo wako wapi? Ama nao mnataka kuazima?"

Tulirudi kwa miguu hadi barabarani, mwalimu akitukimbilia mbio tai ikiwa begani. Baada ya kumwacha akiruka, nilimwomba marehemu msamaha kwa kuharibu mtego wake. "Mtego gani umeharibu?" aliuliza. "Yule ni mtu wa heshima. Mzee wa rika lake akikosea nyumbani kwake, atameza tu, hata ukimwambia babu yake alikuwa kuku. Hiyo ndiyo iliwashinda wenzangu. Lakini kijana mgeni, amesoma, ana ndevu tatu, anamfundisha habari za babu yake? Hiyo hakuna Mkamba anaweza kumeza." Mabega yakaanza. "Mimi kosa langu la leo nilikuwa nimelibeba kutoka Nunguni. Lilikaa pale likiitwa mjomba, likala nyama nyingi sana."

Kama alisema kweli, au aliitunga hadithi hiyo barabarani ili kunituliza, sitajua tena. Nilimuuliza mara nyingi, na huko kumuuliza ndiko kulikokuwa upumbavu wangu.

Siku hizi naona wakwe wakikutana na kamati, ratiba iliyopigwa chapa na kijana wa kushika muda. Mambo huisha mapema, watu wakawahi magari. Sina ugomvi na saa. Ila naona maboma mawili yanaungana bila mtu kukosewa habari za babu yake, na ndugu wa ukoo mmoja wanarudi nyumbani bila kusikia walivyofika duniani. Na sisi waandishi tumekuwa hivyo hivyo. Tunakusanya majibu, tunayapanga, tunayaita uhalisia, kumbe tumekusanya makoti.

Nilipomaliza sura ile ya posa nilimpelekea mke wa mwalimu aisome, kwa maana nilijivunia sana mahali nilipomweka yeye: nyuma ya mlango, akilia kwa uchungu, akingoja neno la baba yake. Alisoma akiwa amempakata mtoto wake wa kwanza, akafika hapo, akaiweka karatasi chini.

"Kulia?" alisema. "Nani alikuambia nililia?"

Nikanyamaza. Safari hii niliweza.

"Nilikuwa nimeshafunga mzigo! Viatu viko miguuni, nimesimama karibu na jiko nasikiliza. Baba angesema 'tumesikia,' ningepita katikati yenu hapo hapo, na sahani zenu ningezikanyaga. Shangazi alijua, ndiye alinipa shuka ya kufungia. Wewe andika nilikuwa nalia, watoto wangu wasome hivyo!" Akaendelea mpaka jua likahama ukuta, akinieleza ya jikoni, nani alicheka wa kwanza, nani alikuwa amesimama njiani kuangalia kama kuna mtu anakuja, na mimi nikiwa na uji wangu uliopoa, sina swali hata moja.

Kwa hiyo neno langu kwa kijana anayetaka kuandika ni hili. Soma vyote unavyoweza, kisha uandike kosa lako kwa bidii na kwa upendo, kadiri ya akili yako, ulichukue mpaka kwa mwenye habari, uliweke mbele yake. Halafu usijitetee. Keti. Mtu akija mbio, hana koti, vidole vikikuelekea, akikuita mjinga, msogezee kiti.

Mzee, lala salama. Redio ilisema ulikuwa mkulima.