Mwanangu Alipopona

Binti yangu alipougua homa ya uti wa mgongo, tulilazwa katika wodi moja hapa Mbeya. Kitanda cha pili alikuwepo mama mwenzangu, mwenyeji wa Kilolo, aliyekuwa akimuuguza mwanawe wa kiume kwa ugonjwa uleule. Tulizoeana upesi. Mimi nikienda kufua, yeye aliwaangalia wote wawili. Akitoka yeye, nilibaki nao mimi. Jioni tulishikana mikono katikati ya vitanda, tukawaombea. Nilimwombea wa kwake kama wangu, naye vivyo hivyo.

Wangu alipona. Wake alifariki asubuhi, wakati wangu anaomba uji.

Nilikuwa na furaha ambayo sikujua pa kuiweka. Kanisani kwetu Mwanjelwa, mchungaji alinitaka nisimame nitoe ushuhuda. Nikamwambia bado. Ningesemaje? Kwamba Mungu alisikia maombi? Yalikuwa maombi yaleyale, vinywa vilevile. Niliendelea kwenda ibadani, lakini nyumbani nikipiga magoti nilikosa maneno, nikainuka kwenda kupika.

Mume wangu ndiye aliyesema, "Nenda ukamwone. Utamkwepa mpaka lini?"

Baada ya mazishi yule mama alikuwa amebaki kwao Kilolo. Nikapanda basi la Iringa. Lilipopumzika Igawa, nilitamani kuvuka barabara nipande la kurudi Mbeya. Sikuvuka.

Nilimkuta shambani akipalilia viazi. Aliponiona alitupa jembe, akanikumbatia na udongo wake mikononi.

"Kamwene, dada! Mtoto yuko wapi?"

"Nimemwacha nyumbani."

"Umemwacha? Kwa nini?"

Nikaokota jembe lake. Akanitazama usoni.

"Ulidhani nikimwona nitaumia."

"Ndiyo."

"Nitaumia, kweli. Lakini yule nilimwombea. Nilitaka nimwone anavyotembea."

Nililia palepale kwenye matuta. Nikamuuliza lile nililoshindwa kumuuliza mchungaji: kwa nini wangu, na si wake?

"Sijui," alisema. "Ndugu walinieleza, kila mtu na lake, nikawaambia wanyamaze. Namuuliza Mungu mwenyewe. Siku nyingine namuuliza kwa hasira. Nikiacha kumuuliza yeye, nitamuuliza nani?"

"Na hajibu?"

"Hajajibu. Ila sijawahi kuona kama naongea peke yangu."

Tulimalizia tuta lililobaki, tukaingia jikoni. Akaninawisha, akasema mgeni ndiye anayeombea chakula. Nikafumba macho.

"Mungu, asante kwa binti yangu. Kwa mwana wa mwenzangu, hatuelewi. Amina."

Akacheka, machozi yakimtoka. "Fupi hiyo! Lakini imetosha. Kula, dada."

Nilikula viazi na maharage mpaka nikaomba kuongezewa. Tangu tutoke hospitali sikuwa nimemaliza sahani hata moja.

Tulipomaliza akaniambia nimpigie mume wangu, anataka kuongea na mtoto. Nikampa simu, nikakusanya vyombo. Binti yangu alikuwa na habari kubwa: jino la mbele limeng'oka, na baba yake amelitupa juu ya bati.

"Juu ya bati la nani?" mwenzangu akamuuliza, kwa sauti ya mtu mwenye nafasi ya kusikiliza yote. Mtoto akaanza kumweleza. Mimi nikaosha sahani taratibu, nisiwakatishe.