Kambi Isiyo na Babu

Kambini kwetu Elisabethville, kambi ya wafanyakazi wa mgodi, miaka ya mwisho ya Wabelgiji, hapakuwa na wazee. Mtu akichoka na kazi, alipakiwa kwenye treni pamoja na vyungu vyake, akamalizie siku zake kijijini. Nyumba zikabaki na baba, mama na watoto, zimepakwa chokaa, zinang'aa. Wageni walizisifu sana. Mimi sizisifu, maana najua zilimgharimu nini kaka yangu.

Kwetu, watu wa kaskazini mwa Katanga, baba hazungumzi na mwanawe mambo ya chini ya kiuno. Hiyo ni kazi ya babu. Babu humtania mjukuu, humwonya asimwibie mke, yaani bibi, na katikati ya utani humuuliza kama ana shida huko, naye mjukuu hujibu akicheka. Baba ni wa kuheshimiwa tu. Baba yetu alioga nyuma ya ua wa magunia, na sisi tukisikia maji tulipita upande mwingine. Babu alikuwa mbali, safari ya treni na kisha ya miguu.

Kaka alikuwa fundi kwenye karakana, mtu mzima mwenye ndevu, na harusi yake ilikwisha kutangazwa kanisani. Jioni moja alinivuta nyuma ya nyumba. Akasema, macho yakiwa ukutani, kwamba uume wake una vijipele vyeupe, vidogo kama chembe za ulezi, vimejipanga kuzunguka ukingo wa kichwa.

"Biko binakuuma?" nikamuuliza.

"Hapana. Habiume, habiwashe, hakuna usaha. Biko pale tangu nilikomaa."

"Ulilala na mwanamuke fulani?"

"Hata mumoja. Basi hii njo laana, mudogo wangu."

Mimi sikuwa na vijipele vya namna hiyo. Nilimshauri aende hospitali ya kambi. Akanitazama kama mtu aliyetukanwa. Muuguzi aliyewapokea wanaume pale na kuwaamuru wavue suruali alikuwa mjomba wa mchumba wake. Mbele ya mkwe kaka hakuthubutu hata kutafuna. Angevua nini?

Akavunja uchumba. Alisema hamtaki tena yule msichana, basi, hakuna zaidi. Msichana alikuja mlangoni kwetu amevaa kitenge kipya, akasimama, akangoja, na kaka hakutoka chumbani. Mama alimwita mpumbavu. Mimi nilimwona kaka ananawa uso kila mara ili asijulikane kuwa amelia, na nilikasirika, sikujua nimkasirikie nani.

Kisha akatafuta dawa yake mwenyewe. Karakanani mtu alimpa mrututu, lile jiwe la buluu ambalo watu walilisaga na kupaka kwenye madonda sugu. Akapaka pale, pasipo na donda. Ngozi ikaungua, ikavimba, homa ikampanda mpaka akaweweseka. Tulimbeba mimi na baba, na aliyetupokea mlangoni alikuwa yule yule mjomba.

Yule bwana alimsafisha. Alipomaliza alitaka kujua kaka alikuwa anachoma nini. Kaka alikuwa hoi, aibu ilikwisha kumtoka, akaeleza. Muuguzi akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Bile habikuwa bukonjwa," akasema. "Banaume bengi beko nabyo. Habiambukize, habizuie kuzaa. Njo mwili tu, sawa vile mwingine anazaliwa na alama ku shavu. Kama ungekuwa na kidonda, ao usaha, ao kuumwa kwa kukojoa, pale ungekimbia kuya kwangu. Sasa kidonda umejitia wewe mwenyewe." Akakusanya pamba zake. "Mutoto yetu, ule uliacha, analia mpaka leo."

Nilitoka nje. Baba alikuwa kwenye benchi, kofia mikononi. Alikuwa amesikia yote kupitia dirishani. Kaka alipoanza kupata nafuu, baba aliingia, akasimama karibu na kitanda. Akafungua mdomo, akaufunga. Akafungua tena. Mwishowe akauliza, "Umekula?"

Kaka alipona, akabaki na kovu lililomvuta na kumuuma. Hakutaka kumfungia mwanamke yeyote kwenye maumivu yale. Msichana aliolewa na mtu mwingine. Kaka akahamia Kasenga, akafanya biashara ya samaki, na hakuoa.

Baba alifariki miaka mingi baadaye, kwa uzee, humu humu mjini. Ndugu wa kuosha maiti walikuwa wachache, nami nikaingia kusaidia, ingawa kwa desturi mwana hapaswi. Nilipofika chini ya kiuno nilisimamisha kitambaa. Chembe za ulezi, zimejipanga kuzunguka ukingo. Mtu aliyezaa nyumba nzima ya watoto. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Baba alificha, akazaa, na aliyekosa kuzaa ni mwanawe. Nililia kwa hasira pale pale juu ya mwili wake, na wenzangu wakadhani ni uchungu wa msiba.

Kaka alifika tumeshazika. Alikuja na kikapu cha samaki wakavu, wale aliowapenda baba. Nikamweleza nilichokiona, na kwa nini nadhani siku ile hospitalini baba alifungua mdomo mara mbili.

Alikaa, kikapu bado mapajani.

"Kumbe," akasema, "tulikuwaka babili mu nyumba."